James Joule, mtu aliyepima joto

1. Mtoto wa mwenye kiwanda

Salford ni mji wa Uingereza, jirani na mji mkubwa wa Manchester. Zamani miji hiyo miwili ilijaa viwanda vya nguo. Mashini zake ziliendeshwa kwa mvuke, na moshi wa makaa ya mawe ulifunika mapaa ya nyumba. Huko Salford alizaliwa James Prescott Joule, tarehe 24 Desemba 1818, mkesha wa Noeli. Jina Joule husomwa kana kwamba limeandikwa Jul.

Baba yake, Benjamin Joule, alikuwa na kiwanda cha pombe, na mali yake ilikuwa nyingi. Lakini mali haikumpa mtoto afya. James alikuwa dhaifu wa mgongo, tena mwenye haya mbele ya watu. Kwa hiyo hakupelekwa shuleni kama watoto wengine. Alifundishwa nyumbani.

Mwaka 1834 baba aliwaweka James na kaka yake chini ya mwalimu mwenye sifa, mzee John Dalton wa Manchester. Dalton alijulikana Ulaya nzima kwa mafundisho yake juu ya atomu, yaani chembe ndogo sana ambazo vitu vyote vimeumbwa kwazo. Hata hivyo mzee huyo aliendelea kuwafundisha vijana hesabu ili apate riziki. Hakuwaharakisha ndugu hao wawili kwenda kwenye mambo makubwa. Kwanza hesabu, kisha jometri, pole pole. Mwaka 1837 Dalton alipatwa na ugonjwa wa kupooza, masomo yakakoma. Lakini mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa. Tangu siku zile James alipenda kupima vitu, na aliendelea kuvipima mpaka uzee wake.

2. Zinki na makaa

James alipokuwa kijana alifanya kazi katika kiwanda cha baba yake. Humo mashini ya mvuke ilikula makaa kila siku. Wakati ule watu walikuwa wameanza kutengeneza mashini ndogo zilizozungushwa kwa umeme wa betri. James alijiuliza kama mashini ya namna hiyo ingeweza kushika mahali pa mashini ya mvuke. Akajenga zake mwenyewe, na mwaka 1838, akiwa na miaka 19, habari za kazi yake zilichapwa kwa mara ya kwanza.

Lakini James hakutosheka kuona gurudumu likizunguka. Alitaka kujua gharama yake. Betri za siku zile zilikula zinki, kama jiko linavyokula kuni. Alipopima aliona kwamba ratili moja ya makaa ndani ya mashini nzuri ya mvuke ilifanya kazi mara tano kupita ratili moja ya zinki ndani ya betri. Tena bei ya zinki ilikuwa kubwa kuliko bei ya makaa. Basi matumaini yake ya kwanza yalivunjika. Mtu mwingine angetupa vyombo vyake na kurudi kuhesabu mapipa. James hakuvitupa. Alikuwa ameona jambo jingine: waya zenye kupitisha umeme zilipata moto.

Akakunja waya, akauweka ndani ya maji, akapitisha umeme. Kisha akapima maji kwa kipimajoto. Mwaka 1840 alipata sheria ambayo wanafunzi wa umeme hujifunza hata leo. Umeme unaopita katika waya ukizidishwa mara mbili, joto halizidi mara mbili, bali mara nne. Ukizidishwa mara tatu, joto huzidi mara tisa. Na waya unaozuia umeme zaidi hupata joto zaidi. Ndiyo sababu waya mwembamba wa taa au wa jiko la umeme huwaka, na waya mnene unaoleta umeme mpaka hapo haupati moto mwingi.

3. Joto latoka wapi?

Sasa swali kubwa likamkamata. Joto lile latoka wapi?

Wataalamu wengi wa siku zile walifundisha kwamba joto ni kitu, kama maji membamba yasiyoonekana. Walisema kwamba kitu hicho huweza kuhama, kutoka mwili mmoja kwenda mwingine, lakini hakiwezi kuzaliwa wala kufa. Kama ni kweli, waya ukipata moto, lazima sehemu nyingine imepoa.

Basi Joule aliondoa betri kabisa. Alichukua waya uliokunjwa mara nyingi, akautia ndani ya chombo cha maji, akazungusha chombo hicho chote katikati ya sumaku zenye nguvu. Waya ukizungushwa hivyo, umeme huzaliwa ndani yake. Mzungusho ulitoka kwa mizigo iliyofungwa kwenye kamba na kuachwa ishuke pole pole. Maji yakapata joto. Hakuna mahali palipopoa. Hapakuwa na moto, hapakuwa na betri. Palikuwa na mzigo ulioshuka tu. Basi kazi ya mzigo ilikuwa imegeuka kuwa umeme, na umeme umegeuka kuwa joto.

Mtu akitoka nchi moja kwenda nyingine hubadilisha fedha. Fedha hazipotei, bali hubadilika sura na hesabu. Lakini lazima ajue noti moja ya huku ni sawa na ngapi za kule, asije akadanganywa. Joule alitaka kujua hesabu ya namna hiyo. Kazi ngapi ni sawa na joto ngapi? Waingereza walipima kazi kwa ratili na futi. Ratili moja ni karibu nusu ya kilo, na futi moja ni kama sentimetri 30. Joto walilipima kwa maji: lile linalopandisha ratili moja ya maji kwa digri moja ya Fahrenheit.

Mwezi wa Agosti 1843 Joule alisafiri mpaka Cork, mji wa Irelandi, ambako wataalamu wa Uingereza walifanya mkutano wao wa kila mwaka. Alieleza kwamba joto lile dogo ni sawa na kuishusha ratili moja futi 838. Watu walisikiliza, wakanyamaza. Hakuna aliyesimama kumpinga, wala kumsaidia. Nani angemsadiki mtengeneza pombe mwenye miaka 24, asiyepita chuo kikuu chochote?

4. Gurudumu ndani ya maji

Joule alijua kwamba maneno hayatawashinda. Akafanya jaribio jepesi, ambalo hata mtoto aweza kulielewa.

Alichukua chombo cha shaba chenye maji. Ndani yake akaweka gurudumu lenye mapanga, mfano wa makasia ya mtumbwi. Nje akafunga mizigo miwili kwa kamba. Mizigo iliposhuka ilivuta kamba, nayo kamba ilizungusha gurudumu, na gurudumu likayapiga maji. Mizigo ilipofika chini, akaipandisha tena bila kugeuza gurudumu, akaiacha ishuke. Akafanya hivyo mara 20. Kisha akapima joto la maji.

Baada ya taabu hiyo yote, maji yalikuwa yamepanda kama nusu ya digri moja ya Fahrenheit. Ni kidogo mno. Mkono wa mtu hauwezi kulisikia joto hilo. Mtu akisimama karibu ya chombo, joto la mwili wake laweza kuharibu kipimo. Hewa ya chumba ikibadilika, kipimo kimeharibika. Joule alikuwa na vipimajoto vizuri sana, vilivyotengenezwa na fundi Dancer wa Manchester, na macho yake yalizoea kuona hata sehemu moja katika sehemu 200 za digri. Alihesabu joto lililotoroka, akahesabu joto lililoingizwa na hewa, akahesabu hata kazi iliyopotea katika kamba. Akarudia. Akajaribu kwa mafuta ya nyangumi, akajaribu kwa zebaki, akajaribu kwa vyuma vilivyosuguana. Kila njia ilileta hesabu iliyokuwa karibu na nyingine.

Mwezi wa Juni 1847 wataalamu walikutana Oxford. Mwenye kuongoza mkutano alimwomba Joule asisome andiko lake lote, bali aeleze kwa kifupi tu, kwa maana kazi ilikuwa nyingi. Ilikuwa kama Cork tena. Lakini safari hii palikuwa na kijana mmoja mwenye miaka 22, William Thomson, aliyekuwa tayari mwalimu katika chuo kikuu cha Glasgow. Kwanza Thomson alidhani Joule amekosa. Kadiri alivyosikiliza, ndivyo alivyoona kwamba neno hili ni kubwa. Mkutano ulipokwisha alimwendea, wakazungumza, na urafiki wao ukadumu maisha yote. Baadaye Thomson aliitwa Lord Kelvin.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Joule alimwoa Amelia Grimes, wakaenda kutembea katika milima ya Alpes. Karibu na Chamonix walikutana na Thomson njiani, bila kuagana. Joule na Thomson wakapanga kupima maporomoko ya maji ya Sallanches. Walifikiri hivi: maji yakianguka kutoka juu, kazi ya kuanguka kwao lazima igeuke kuwa joto, na maji ya chini yawe na joto kidogo kupita ya juu. Fikira ilikuwa ya kweli, lakini maji yalitawanyika kuwa kama ukungu, wasiweze kupima.

Mwaka 1850 andiko kubwa la Joule lilichapwa. Mtaalamu mashuhuri Michael Faraday ndiye aliyelifikisha mbele ya Royal Society ya London. Hesabu sasa ilikuwa futi 772. Mwaka ule ule Royal Society ilimpokea Joule kuwa mmoja wao.

5. Hesabu mbili zisizopatana

Kisha ikaja miaka ya huzuni. Mwaka 1854 Amelia alifariki, akamwachia mumewe watoto wawili wadogo. Katika miaka hiyo hiyo jamaa waliuza kiwanda cha pombe. Joule aliishi kwa ukimya, akihama nyumba pamoja na vyombo vyake, na afya yake haikuwa imara. Pamoja na Thomson aligundua kwamba hewa nyingine zikisukumwa kupita mahali pembamba na kutanuka, hupoa. Jambo hilo lilisaidia baadaye kutengeneza mashini za baridi kali.

Wakati huo waya za simu za maandishi zilikuwa zimeanza kupita chini ya bahari, na mafundi walihitaji vipimo vya umeme ambavyo nchi zote zingekubali. Kamati ya wataalamu ilikuwa imeweka kipimo cha kuzuia umeme, kinachoitwa leo omu. Wakamwomba Joule akihakikishe. Njia yake ilikuwa hii: apitishe umeme uliopimwa katika waya uliopimwa, ndani ya maji, aone joto lililopatikana. Kama vipimo vya umeme ni sawa, lazima hesabu ya umeme ipatane na hesabu ya gurudumu.

Mwaka 1867 alitoa jibu. Hazikupatana. Kwa gurudumu ni 772. Kwa umeme ilikuwa karibu 783. Tofauti yake ni zaidi kidogo ya moja kwa mia. Watu wengi wangesema kwamba tofauti ndogo hivyo si kitu. Joule hakusema hivyo. Moja ya hesabu hizo ni ya uongo, lakini ipi? Ama mtu mmoja amekosa katika kazi yake ya miaka 20, ama kamati nzima ya wataalamu imekosa katika kipimo chake.

Wataalamu wakamwomba arudie jaribio la gurudumu. Joule hakuona aibu kujichunguza. Akajenga chombo kipya, akaanza tena tangu mwanzo, kama kwamba hajawahi kupima. Mwaka 1878, akikaribia miaka 60, alileta hesabu yake: 772.55. Gurudumu lilikuwa limesema neno lile lile. Miaka michache baadaye vipimo vipya vilionyesha kwamba omu ya kamati ilikuwa ndogo mno, kwa zaidi kidogo ya moja kwa mia. Kosa lilikuwa katika kipimo cha umeme, wala si katika maji ya Joule. Hivyo joto lilikuwa mwamuzi wa umeme.

Mwaka ule wa 1878 mali ya Joule ilikuwa imepungua sana, na serikali ya Uingereza ikampa pensheni ya pauni 200 kwa mwaka.

6. Kipimo chenye jina lake

Mwaka 1889 mafundi wa umeme wa nchi nyingi walikutana Paris. Walikubali kipimo cha kazi kiitwe juli, kwa heshima ya Joule. Kwa mbio ya kazi walikubali kipimo kiitwacho wati, kwa heshima ya James Watt, fundi wa mashini za mvuke aliyefariki mwaka 1819, Joule angali mtoto mchanga.

Usichanganye vipimo hivyo viwili. Juli ni kama maji yaliyomo ndani ya ndoo. Wati ni kama mbio ya maji yanayotoka katika bomba. Juli moja kila sekunde ni wati moja. Wati 1,000 ni kilowati moja.

Joto pia lina kipimo chake cha zamani, kilokalori. Ni joto linalopandisha kilo moja ya maji kwa digri moja ya Celsius. Kilokalori moja ni sawa na juli 4,186 hivi. Basi tuhesabu. Kilowati moja hutoa juli 1,000 kila sekunde. Saa moja ina sekunde 3,600. Kwa hiyo katika saa moja hutoa juli 3,600,000. Gawanya kwa 4,186, utapata 860. Yaani:

Kilowati 1 ni sawa na kilokalori 860 kwa saa.

Ukitaka kugeuza kilowati kuwa kilokalori kwa saa, zidisha kwa 860. Ukitaka kurudi, gawanya kwa 860. Kwa mfano, jiko la umeme la kilowati moja likipasha litri 43 za maji kwa saa moja, maji hayo yatapanda digri 20, kama joto halikutoroka. Maana 43 mara 20 ni 860.

Huo ndio mlango ambao Joule aliufungua. Katika Kongo, maporomoko ya Mwadingusha ya mto Lufira yalianza kutoa umeme mwaka 1930. Maji yanayoshuka huzungusha gurudumu, gurudumu huzaa umeme, na umeme huweza kuyeyusha chuma au kupika chakula. Ni njia ile ile ya mizigo ya Joule, ila ni kubwa zaidi. Na fundi aweza kuhesabu yote tangu mto mpaka sufuria.

Joule hakutaka sifa zisizo haki yake. Daktari mmoja Mjerumani, Julius Robert Mayer, alikuwa ameandika fikira iliyo karibu na yake mwaka 1842, na watu waligombana juu ya nani alitangulia. Royal Society ilimpa Joule medali yake kubwa, medali ya Copley, mwaka 1870, na Mayer akapewa mwaka 1871. Leo wote wawili hukumbukwa.

Joule hakuwa Mkatoliki, lakini alikuwa Mkristo mwenye kumwamini Muumba. Alisadiki kwamba nguvu alizoziweka Mungu katika viumbe hazipotei, hugeuka tu. Mwanadamu hawezi kuziumba wala kuziangamiza. Imani hiyo haikumfanya mvivu. Ilimpa subira ya kutafuta nusu ya digri kwa miaka mingi.

Alifariki nyumbani kwake Sale, karibu na Manchester, tarehe 11 Oktoba 1889, mwaka ule ule juli ilipopata jina lake. Juu ya kaburi lake imechongwa hesabu 772.55. Siku hizi tungeandika 778, kwa maana vyombo vya sasa ni vizuri zaidi. Basi mtu yule, kwa kamba, mizigo na maji, alikosa chini ya moja kwa mia. Chini ya hesabu hiyo limechongwa neno la Injili ya Yohane juu ya kufanya kazi mchana, kabla usiku haujaingia.

Maulizo

1. Kwa nini Joule hakupelekwa shuleni? Nani alimfundisha hesabu?
2. Katika jaribio la gurudumu, joto la maji lilitoka wapi?
3. Mwaka 1867 hesabu mbili hazikupatana. Joule alifanya nini? Kosa lilikuwa wapi?
4. Juli na wati zatofautiana namna gani?
5. Jiko la umeme lina kilowati 2. Latoa kilokalori ngapi kwa saa?
6. Tanuru latoa kilokalori 8,600 kwa saa. Ni sawa na kilowati ngapi?
7. Taa ya wati 100 yawaka saa moja. Hutumia juli ngapi?